Noeli haiulizi umebeba nini

Kila mwaka, ikifika Jumapili ya mwisho ya Majilio, mimbarani husikika onyo lile lile: Wakristo, acheni kuhangaikia nguo na pilau, mtafuteni Mtoto anayezaliwa. Ni onyo la haki na sina ugomvi nalo. Ila huwa najiuliza kama hatumchapi asiye na kosa. Sijawahi kumwona mtu aliyempoteza Yesu kwa sababu ya harufu ya iliki inayotwangwa jikoni. Nimewaona wengi waliokosa Noeli kwa sababu ya aibu, na habari hiyo nitaifikia.

Kwanza tuzitaje hizo raha zenyewe, maana hupita haraka. Tangu Desemba iingie, ile miti yenye maua mekundu ambayo wengi wetu tunaiita miti ya Krismasi imewaka kando ya barabara bila mtu kuipamba. Maembe dodo yamejaa sokoni, na hata mwenye hela kidogo ananunua moja akalila amesimama, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mvua ya vuli ikiamua kunyesha, kuna ile harufu ya vumbi lililoloa, dakika chache tu za mwanzo, kabla matope hayajaanza kutuudhi.

Halafu kuna kwaya. Anayeishi jirani na kanisa ananielewa. Kuanzia mwishoni mwa Novemba, saa mbili usiku, wimbo mmoja unarudiwa mara kumi na mbili kwa sababu besi wanaingia kabla ya wakati. Mwalimu anasimamisha, anabonyeza kinanda noti moja, wanaanza upya. Mtaa mzima unaujua wimbo huo kabla ya waumini. Mtoto wa jirani Mwislamu anauimba akitumwa dukani, tena anakosea pale pale wanapokosea besi. Ukifika usiku wa mkesha, wimbo ukaimbwa dakika nne bila kosa, sisi tuliokuwa tukiusikia vitandani tunafurahi kuliko wageni waliokuja usiku huo tu, kwa sababu tunajua ulikotoka.

Kwa fundi cherehani nako kuna neno moja tu wiki hii: njoo kesho. Watoto wanalijua, na bado wanakwenda kila siku kuchungulia kama kile kitambaa chao kimeshakatwa.

Kanisani vijana wanajenga pango. Mifuko ya saruji inafinyangwa na kupakwa rangi ili iwe miamba, migomba inatoa majani, na mwaka baada ya mwaka punda ni yule yule mwenye sikio moja. Desturi hii tunaidai kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, alitayarisha hori, nyasi, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao jinsi Mwana wa Mungu alivyozaliwa katika ufukara. Kinachonivutia mimi katika mapango yetu ni kwamba yote hukamilika siku kadhaa kabla, lakini hori huachwa tupu mpaka usiku wenyewe. Watoto wa Utoto Mtakatifu hupita jioni kuchungulia. Wanajua hakuna kitu humo, na wanachungulia hivyo hivyo.

Kungoja kuna raha yake, na watoto huijua kuliko sisi. Mwaka 1839, huko Hamburg, Ujerumani, mwanateolojia wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akiendesha nyumba ya kulea watoto maskini. Inasimuliwa kwamba watoto hao walimchosha kwa swali moja la kila siku: bado siku ngapi? Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo 20 myekundu kwa siku za kawaida na mikubwa 4 myeupe kwa Jumapili, ukawa unawashwa mmoja kila siku. Hilo ndilo chimbuko la shada la Majilio ambalo leo liko mbele ya altare zetu, za Wakatoliki na za Walutheri, likiwa limebaki na mishumaa minne. Tumezoea kuliona na riboni zake, tukasahau kwamba lilianza na gurudumu na watoto wasio na kitu.

Sasa ile aibu.

Ukipita wiki hii katika kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi Luis, utaona magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya kupikia, mabegi yaliyokataa kufungwa zipu na televisheni iliyoviringishwa kwenye blanketi. Watu wanakwenda Moshi, Same, Lushoto, Bukoba, Mbeya. Napenda kuwatazama, hata pale wanapogombana na kondakta juu ya mzigo. Lakini kwa wengi wanaopanda, yupo mwingine aliyejifungia chumbani kwake Manzese au Mbagala, ameshapiga simu kwao kusema mwaka huu kazi zimembana. Kazi hazijambana. Hana cha kubeba. Nauli pengine angeikopa. Anachokiogopa ni kushuka pale njia panda na begi moja mgongoni, wakati wenzake aliosoma nao darasa moja wameegesha magari mbele ya duka.

Mwanamume mmoja aliniambia amekaa Desemba sita mfululizo bila kufika kwao. Mwaka wa kwanza alikosa hela kweli. Mwaka wa pili hela ilikuwapo kidogo, akaona haya kwa sababu ya mwaka wa kwanza: baada ya miaka miwili, utaingiaje na kilo mbili za sukari? Kuanzia hapo aibu ikawa inazaa kama riba. Kila mwaka anaokaa mbali, mzigo anaodhani anatakiwa kuubeba unaongezeka, na uwezo wake uko pale pale. Mama yake bado yuko hai.

Na wako wanaoikimbia aibu hiyo kwa njia nyingine. Wanakwenda, tena kwa kishindo, kwa mkopo wa kausha damu. Siku kumi za heshima kijijini, kisha Januari inawapokea mjini na ada za shule, kodi ya nyumba na simu za mdai. Mama aliyechinjiwa mbuzi hajui kwamba ameila ada ya mjukuu wake.

Wahenga wetu hapa wana sehemu yao ya lawama. Walisema mkono mtupu haulambwi, nasi tukaichukua methali ile tukaifanya amri ya kumi na moja. Lakini wahenga hao hao walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutaja mgeni awe amebeba nini.

Turudi kwenye Injili inayosomwa katika siku hizi za mwisho kabla ya Noeli, Luka 1:39-56. Nayo ni habari ya safari ya kwenda milimani. Binti wa Nazareti, mwenye habari nzito tumboni na bila maelezo ambayo majirani wangeyakubali, anaondoka kwa haraka kwenda nchi ya vilima ya Yuda kwa jamaa yake Elizabeti. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, siku kadhaa njiani. Luka, mwandishi anayependa mambo madogo madogo, hataji kapu, wala kitambaa, wala chupa ya mafuta. Anachotaja ni salamu. Katika mistari michache ile anaitaja mara tatu: Maria anasalimu, Elizabeti anaisikia salamu, na Elizabeti anasema kwamba sauti ya salamu hiyo ilipofika masikioni mwake mtoto aliruka tumboni. Nyumba nzima inafurahi kwa sababu ya mtu aliyepiga hodi.

Najua mtu ataniambia Maria hakwenda mikono mitupu, alimbeba Mwokozi. Kweli kabisa. Lakini zawadi hiyo haikuonekana mkononi, na tumbo lenyewe lilikuwa bado changa. Elizabeti hakuangalia mzigo ndipo akafurahi. Alifurahi kwa sauti. Aliuliza yeye ni nani hata atembelewe namna ile. Fikiria swali lile likiulizwa kwetu wiki ijayo, kwenye baraza za Marangu au Rungwe, mahali pa lile tulilolizoea.

Kisha mgeni alikaa miezi kama mitatu. Elizabeti alikuwa mzee na mjamzito wa miezi sita, kwa hiyo sidhani Maria alikaa akipunga upepo. Kuna maji ya kuchota, kuna kuni, kuna unga wa kusaga. Mwenye mikono mitupu ana nafasi ya kushika jembe la mama yake, na nawajua akina mama ambao paa lao linavuja tangu masika, wanachohitaji ni kijana wa kupanda na misumari sita.

Hata safari ya Bethlehemu, tukiitazama vizuri, ni ya mtu kwenda kwao. Yosefu alikwenda mji wa ukoo wake, mji wa Daudi, na hakuna aliyemchinjia. Siku 40 baadaye, wakimpeleka Mtoto Yerusalemu, sadaka ambayo Luka anaitaja ni ya ndege wawili, hua au makinda ya njiwa, ile ambayo Sheria ya Walawi iliwaruhusu wasio na uwezo wa mwanakondoo. Familia Takatifu ilijua kusimama kwenye foleni ya wanaotoa kidogo. Dhahabu ya mamajusi tunaikumbuka sana, labda kwa sababu inatupa kisingizio.

Wachaga wana jani wanaloliita isale. Linaota uani, kwenye mipaka ya vihamba, halinunuliwi. Mtu aliyekosana na mwenzake akimletea jani hilo, ni vigumu sana kwa aliyekosewa kulikataa. Ni ombi la msamaha lenye uzito kuliko mbuzi. Sasa mtu wa Rombo au Machame anayekaa Dar es Salaam akisema hana cha kubeba, nami najua kwamba kinachomzuia ni mali chache pamoja na ugomvi wa zamani na kaka yake, nashangaa kidogo. Jani liko kwao. Atalikuta hapo hapo getini.

Niwageukie na wenyeji, maana aibu haijipandi yenyewe. Mnaokaa nyumbani, mnaongoja, angalieni swali lenu la kwanza. Kijana hajaweka begi chini, shangazi ameuliza ametuletea nini. Hajanywa maji, mjomba ameuliza ujenzi umefikia wapi na mkwe wanamwona lini. Wote wanacheka, na yeye anacheka nao, na moyoni ameshaanza kuhesabu siku za kurudi mjini. Mwakani atasema kazi zimembana. Mpeni kwanza mtori. Mwonyesheni ndama aliyezaliwa. Msimulieni nani amefariki, nani ameolewa, kisima kipi kimekauka. Ujenzi atautaja mwenyewe akitaka, labda siku ya tatu, mkiwa mmekaa wawili.

Ndugu anayetuma kila mwezi naye ana neno la kuambiwa, ingawa ni gumu. Ukifika na gari, na mchango wako ukatangazwa mbele ya ukoo mzima hadi shilingi ya mwisho, umemfungia mlango mdogo wako ambaye hakutuma. Ungeweza kumpa mama bahasha chumbani.

Kanisani pia hatuko salama. Wako watoto ambao siku ya Noeli hawaji ibadani kwa sababu fundi cherehani hakuwahi kuitwa. Jumapili zote za mwaka walikuja na sare zao za shule, shati jeupe limefubaa, wakaimba. Siku ya kuzaliwa kwake yule aliyelazwa horini, wanabaki nyumbani. Mzazi mwenye watoto waliopendeza hana kosa lolote, na wapendeze. Lakini walimu wa shule ya Jumapili wanawajua hao wengine kwa majina na kwa nyumba. Zimebaki siku chache, na nyumba zenyewe haziko mbali. Kupita na kusema tunakungoja, njoo na hiyo hiyo sare, utasimama mstari wa mbele na wenzako, ni kazi ya jioni moja. Mzee wa kanisa anaweza kuifanya akitoka kukagua pango.

Nawe uliyeko Manzese, mabasi bado yanaondoka, na yako ya usiku. Viti vya mwisho havina raha, lakini vinafika. Mkaanga chipsi wako atamudu siku nne bila wewe. Kama nauli yenyewe haipo, na hakuna wa kukukopesha bila kukukausha, basi piga simu leo, na usiseme kazi zimekubana. Sema huna hela, na kwamba ungependa kusikia sauti yake. Mama anatoka ibadani muda si mrefu, na kwenye ngazi za kanisa watamuuliza kama mwaka huu unakuja.