Dainasti Haijulikani Ikishinda, Inajulikana Ikipoteza

Wasee, tukubaliane kitu kimoja kwanza: hili neno dainasti tunaligawa kama chai ya matanga. Timu ikishinda mara moja, dainasti. Ikishinda mara mbili, tayari sura zao ziko mgongoni mwa nganya. Tangu Oklahoma City Thunder wachukue taji la NBA Juni 2025 kwa kuwapiga Indiana Pacers mechi ya saba, kila kinyozi kuanzia Umoja hadi Kariobangi hakosi mtu wa kukwambia, "Buda, hii sasa ni dainasti." Na kwa vile Nairobi pia tuko na Thunder wetu, maneno yameshahamia nyumbani. Ati Nairobi City Thunder nao ni dainasti.

Mimi nasema bado. Wote wawili. Na si chuki, ni hesabu.

Kutoka 2019 hadi 2025, NBA imetoa mabingwa saba tofauti: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, Oklahoma City. Misimu saba, timu saba. Huku Afrika ni vile vile. Ligi ya BAL ilianza 2021. Zamalek wakachukua, halafu Monastir, halafu Al Ahly, halafu Petro de Luanda, halafu Al Ahli Tripoli. Misimu mitano, mabingwa watano. Siku hizi kufika juu ni kazi, lakini kubaki huko ndio balaa.

Kampeni za 2022 zilitufunza kwamba dainasti ni mtoto wa mkubwa anayerithi kiti. Kwa basketi hakuna kurithi. Kikombe cha mwaka jana hakikupi hata pointi moja msimu mpya ukianza. Kwa hivyo mimi natumia mitihani miwili tu. Wa kwanza: mataji matatu au zaidi, na uti wa mgongo wa timu uwe ule ule. Wa pili, na hapa ndipo wengi wanaanguka: uwe ulipoteza, watu wakakuzika, kisha ukarudi na uti ule ule ukachukua tena.

Angalia wanaopita. Boston ya Bill Russell ilichukua mataji 11 kati ya 1957 na 1969. Watu hukumbuka 11 wakasahau kwamba walipoteza fainali ya 1958 na wakang'olewa tena 1967. Mara zote mbili walirudi mwaka uliofuata wakabeba. Chicago ya Jordan na Pippen ilishinda 1991 hadi 1993, ikakaa misimu miwili bila kitu, halafu ikarudi 1996 hadi 1998. San Antonio ya Tim Duncan haikuwahi kushinda miaka miwili mfululizo, hata mara moja. Lakini ilibeba 1999, 2003, 2005, 2007, na 2014. Hiyo ya 2014 ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu mwaka mmoja kabla Miami waliwanyang'anya fainali wakiwa karibu kabisa kuimaliza. Wangeweza kuvunjika. Badala yake walirudi fainali na Miami wale wale, wakawalima nne kwa moja.

Golden State? Wanapita pia. Curry, Klay na Draymond walibeba 2015, 2017 na 2018. Msimu wa 2019/20 wakamaliza wa mwisho ligi nzima, ushindi 15, vipigo 50. Watu wakasema kwisha. 2022 wakabeba tena, watatu wale wale.

Sasa najua nitatukanwa: Lakers ya Shaq na Kobe haipiti. Ndio, nimesema. 2000, 2001, 2002, mataji matatu mfululizo, na siku nzuri hakuna timu ningeogopa kama ile. Lakini walipoteza 2003, wakapigwa fainali ya 2004 na Detroit, na nyumba ikabomoka. Shaq akaenda Miami. Utaniambia Kobe na Phil Jackson walirudi wakabeba 2009 na 2010. Ni kweli, lakini uti wa ile timu ulikuwa watu wawili, na mmoja alikuwa ashahama, tena ashabeba taji lingine kwingine 2006. Hao ni Lakers wengine.

"Lakini kushinda mara tatu mfululizo ni ngumu kuliko kurudi!" Hapana. Ukishinda mfululizo, kila kitu kiko upande wako: miili iko sawa, pesa iko, hakuna anayeuliza nani mkubwa kwa chumba cha kubadilishia. Ukipoteza ndipo lawama huanza, na wenye roho nyepesi wanaanza kutafuta mlango. Ushindi unaonyesha ukali wa kikosi. Kurudi kunaonyesha kama kulikuwa na nyumba.

Mfano wa karibu uko kwa futiboli yetu. Gor Mahia walibeba ligi 2013, 2014 na 2015. 2016 Tusker wakawanyang'anya. K'Ogalo wakarudi wakachukua nne mfululizo, 2017 hadi 2020. Katikati hapo, Agosti 2019, SportPesa walitoa udhamini wao, na bado timu ikamaliza juu msimu ulipokatizwa na korona. Makocha walibadilika, wachezaji wakauzwa. Basi uti wa mgongo ulikuwa nini? Ulikuwa jukwaa. Wale watu wa kijani wanaojaza uwanja timu ikishinda na ikipoteza. Wawe wanakukera ama hawakukeri, hiyo ni dainasti.

Ndio turudi kwa Thunder wetu. Walichofanya ni kikubwa: 2025 wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Kule Kigali walipata shule, na awamu ya mwisho ya Pretoria hawakufika. Sawa. Lakini basketi yetu kwa miaka imekuwa ya waajiri: bandari iko na KPA, jeshi liko na Ulinzi Warriors, mabenki yako na timu zao. Wakisimama nawe, unacheza. Wakichoka, unatafuta kazi. Thunder ni jaribio la kuona kama klabu inaweza kuishi kwa njia nyingine, na jibu halitatoka msimu wa kushinda. Litatoka msimu ule watapigwa nyumbani, halafu tuone Nyayo kutakuwa na nani kwenye viti.

Na hili linatuhusu sisi huku mtaani kuliko mnavyodhani. Nimeona timu za estate zikibeba kikombe cha Desemba, picha kila simu. Mwaka unaofuata wanapigwa nusu fainali, na kufika Februari hakuna timu. Point guard amehamia mtaa jirani, kocha hashiki simu, na ile ring haina neti, watoto wananing'inia tu. Si kwamba hatuna vipaji. Tumefunzwa kupenda bingwa, hatujafunzwa kupenda timu. Halafu kijana wa miaka 14 anajifunza kwamba ukipoteza, unahama.

Kwa hivyo ukitaka kuita timu dainasti mbele yangu, usinihesabie pete. Niambie ilipigwa lini, na nani, na asubuhi yake nani alirudi mazoezini. Kama huna jibu, hao ni mabingwa. Wape heshima yao, lakini neno lenyewe waachie waliolifia.