Buti nalo ni chombo cha kazi
Katika machimbo ya dhahabu ya Kilembwe, wilayani Fizi, kazi haianzi bila sululu, koleo na tochi, lakini mara nyingi mguu wa mchimbaji huachiwa kandambili, au huachwa mtupu. Hiyo si haki. Udongo wenye unyevu hubeba mabuu ya safura, ambayo hupenya ngozi ya unyayo na kuishia kwenye utumbo, yakinyonya damu. Pepopunda huingia kwa tundu dogo la msumari, na dalili zake zinaweza kuchelewa hadi wiki 3. Hata kwenye shamba la mihogo kuna nyoka, ambaye madhara ya sumu yake Shirika la Afya Duniani liliyaweka mwaka 2017 kati ya maradhi ya tropiki yasiyopewa kipaumbele. Buti la mpira huzuia mengi ya hayo, ingawa haliwezi jiwe linaloanguka. Shimoni linatakiwa lenye ncha ya chuma. Naye mchomeleaji avae la ngozi, maana cheche huyeyusha plastiki. Chanjo ya pepopunda isiachwe. Nanyi wenye mashimo, hesabuni buti katika gharama za mwanzo, kabla mchanga wa dhahabu haujagawanywa: anayewachimbia dhahabu anastahili kurudi nyumbani na miguu yake yote miwili.