Mtakatifu Kibarua, Vibarua Waliosahauliwa

Kila tarehe 15 Mei Madrid humwadhimisha msimamizi wake, Mtakatifu Isidro. Nikiwa mgeni, nilisimama katika Pradera de San Isidro nikitazama wazee waliovaa kofia na vizibao vya miraba, wanawake wenye maua mekundu vichwani, na foleni ya waliongoja kunywa maji ya chemchemi yake. Nilifurahi, kisha nikajiuliza: anayeshangiliwa alikuwa nani? Alikuwa kibarua aliyelima shamba la tajiri. Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1622. Hadithi yasema malaika walimlimia alipokuwa akisali.

Vibarua wa leo hawana malaika. Mwaka 2020 Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini, aliwakuta wachuma stroberi wahamiaji huko Huelva, Waafrika wenzetu wakiwemo, wakiishi katika vibanda visivyo na maji wala umeme.

Sisemi sherehe ifutwe. Nasema heshima kwa mkulima aliyekufa karne nyingi zilizopita isiwe pazia la kumficha anayeinama shambani leo. Ni rahisi mno kumtukuza kibarua asiyeweza tena kudai ujira wake.