Kesi na Iimbwe

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni watunzi ninaowaheshimu, wanaoshikilia kwamba kesi ya mahakamani haistahili kuimbwa. Husema wimbo ni pambo, na machungu ya watu hayapambwi. Jaji akishakata shauri, mshairi na anyamaze. Nimelipima neno hilo kwa muda mrefu, nami nalikataa.

Ushahidi wangu wa kwanza ni opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao wahusika wake huimba badala ya kusema. Yaitwa The Central Park Five. Muziki ni wa Anthony Davis, maneno ni ya Richard Wesley, na kundi la Long Beach Opera liliionyesha huko California mwezi wa Juni 2019. Mwaka uliofuata ilimpatia Davis tuzo ya Pulitzer ya muziki. Naye hakuwa mgeni wa kazi hiyo: mwaka 1997 alikwisha kukipandisha jukwaani kisa cha Waafrika wa merikebu Amistad, ambacho nacho kiliishia mahakamani.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1989, mwanamke aliyekuwa akikimbia kwa mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, alibakwa na kupigwa hata akakaribia kufa. Wakakamatwa vijana watano, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa umri wa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuhojiwa kwa saa nyingi, wanne kati yao walikiri mbele ya kamera ya video. Kauli zao zilipingana, na vipimo vya DNA havikumgusa hata mmoja wao. Wakatiwa hatiani vivyo hivyo. Kesi ilikuwa haijasikilizwa bado pale Donald Trump, wakati huo tajiri wa majumba, alipolipia matangazo ya ukurasa mzima magazetini akidai adhabu ya kifo irejeshwe. Vijana wakakaa kifungoni kati ya miaka 6 na 13. Mwaka 2002 mfungwa mwingine alikiri kwamba alitenda peke yake, na DNA ikamthibitisha. Hatia zikafutwa Desemba mwaka huo, na mwaka 2014 jiji likakubali kuwalipa dola milioni 41.

“Basi yamekwisha,” wataniambia wenzangu. “Haki imepatikana, fidia imelipwa; wimbo waongeza nini?”

Waongeza kile ambacho karatasi haikiwezi. Kauli zile za uongo zilitoka kwa sauti za watoto wenyewe, na sauti iliyokwisha kuingia masikioni haifutwi kwa wino.

Hili nalijua kwa njia ndogo. Zamani niliitwa nimsomee mvuvi mmoja maelezo aliyokwisha kuyatilia dole gumba. Yalikuwa Kiswahili kizuri mno, kilichonyooka kama barua ya karani. Nilipomaliza aliniuliza, “Huyo aliyesema hayo ni nani, mwanangu?” Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

Maelezo ya namna hiyo ni utungo, ndugu msomaji. Mtunzi wake hatii jina, na mwimbaji wake hana hiari. Opera nayo hutia maneno vinywani mwa watu, lakini huyatia hadharani: jina la mtunzi limeandikwa, taa zinawaka, na anayehoji huonekana akihoji. Mhojaji hujificha nyuma ya maneno aliyoyatia, na msanii huyasimamia. Ndiyo maana uongo uliotungwa gizani dawa yake ni utungo wa mwangani.

Wala sisi wa visiwani tusijifanye wageni. Siti binti Saad alikuwa na wimbo uitwao Kijiti, juu ya mauaji ya kweli ya mwanamke aliyekuja Unguja kutembea. Muuaji alitorokea bara. Walioadhibiwa ni wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Faili la kesi ile wangapi wetu tumelitia machoni? Lakini wimbo ungalipo, na kila uimbwapo umma humkatia jaji yule rufaa. Bibi zetu hawakuambiwa kwamba kesi haiimbwi.

Hata hivyo ruhusa hii si ya holela. Anayeiimba kesi ana deni kwa walio hai. Asimsahau majeruhi, kwa kuwa mwanamke wa Central Park alidhulumiwa mara mbili: kwanza na aliyemwumiza, kisha na waliomwacha mtu huyo wakashika wengine. Tena asijidhanie kuwa ndiye anayewapa kinywa walionyamazishwa. Yusef Salaam, mmoja wa wale watano, alisoma shairi lake mwenyewe mbele ya jaji siku ya kuhukumiwa. Mwaka 2020 alitoa pamoja na Ibi Zoboi riwaya ya mashairi, Punching the Air, na mwaka 2023 wapiga kura wa Harlem walimchagua kuingia katika baraza la jiji lile lile lililomfunga. Huyo hakungoja opera ili apate sauti. Alikuwa nayo tangu mwanzo, ila hakusikilizwa.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu: kesi na iimbwe. Atakayeiimba na asome faili lote kwanza, kisha atie jina lake chini ya kila neno. Yule mvuvi hakupewa hata hilo.