Kilomita Chache Si Cheti cha Afya

Wiki hii nimeulizwa swali ambalo si la kompyuta, lakini nimeligeuzageuza mpaka limekuwa la kompyuta (mnanijua). Rafiki yangu tuliyesoma naye digrii siku hizi anaandika programu kule Bologna, Italia. Amepata pikipiki inayouzwa: Ducati 916 Senna ya mwaka 1995 ambayo mita yake inasoma kilomita 1,400 tu. Haitaki ya kwenda nayo kazini. Anataka iwe ya kwanza katika mkusanyiko wake wa mashine za zamani, na pesa atakazotumia ni zile alizokuwa akiweka kidogo kidogo za kununua ploti huku nyumbani. Muuzaji amepandisha bei kwa sababu moja: hiyo namba 1,400.

Mimi nasema hiyo namba asiilipie.

Kwa msioijua mashine yenyewe, 916 ilionyeshwa mwishoni mwa 1993 na kuanza kuuzwa 1994. Aliyeichora ni Massimo Tamburini na kikundi chake kule San Marino: taa mbili nyembamba kama macho ya mtu anayekushuku, egzosti zimepandishwa chini ya kiti, gurudumu la nyuma limeshikwa upande mmoja tu. Carl Fogarty aliipanda akachukua ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka 1994, akarudia 1995. Ayrton Senna, yule dereva Mbrazili aliyefariki Imola tarehe 1 Mei 1994, alikuwa mpenzi wa Ducati, na toleo la kumkumbuka likatoka mwaka uliofuata. Lilikuwa la rangi ya kijivu, rimu nyekundu, pikipiki 300 hivi, kila moja na namba yake. Kwa hiyo simcheki. Ningekuwa na uwezo hata mimi ningesumbuka usingizi.

Lakini hebu tuitazame hiyo namba. Kilomita 1,400 kwa miaka 30 hivi ni chini ya kilomita 50 kwa mwaka. Bodaboda wa mtaani kwangu anazimaliza kabla mwezi haujaisha. Na mita yenyewe ni ya kimekanika, inazungushwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Ukiufungua ule waya, pikipiki inatembea na namba inakaa palepale. Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili vizuri: kaunta ambayo mtu anaweza kuisimamisha bila kuacha alama si ushahidi. Ushahidi ni logi. Hapa logi ni risiti za gereji zenye tarehe, moja baada ya nyingine, kilomita zikipanda taratibu. Muuzaji akiwa na faili nene ya risiti, hapo tunaongea. Akiwa na hadithi tu, hiyo namba ni mapambo.

Tuseme namba ni ya kweli. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoongezeka, maana mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Injini ya 916 ina mikanda miwili ya mpira inayozungusha kemu, mmoja kwa kila silinda. Kawaida ya injini hizi ni mikanda kubadilishwa kila miaka miwili hata kama pikipiki haikutoka gerejini. Vali zake ni za desmo, mtindo ambao Fabio Taglioni aliuingiza Ducati mwaka 1956: vali haifungwi na springi bali inafungwa kwa nguvu na mkono wake wa chuma. Ni uhandisi mtamu ajabu. Ila mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali na pistoni zinakutana, na gharama ya mkutano huo utaisikia mfukoni. Ongeza sili zilizokauka, petroli iliyogeuka gundi, maji ya kupozea yanayokula chuma kimyakimya. Sava iliyofungwa stoo tangu 1995 na haijawahi kuwashwa, nani kati yenu angeiwekea mishahara ya kampuni mwisho wa mwezi?

Jambo la tairi ndilo linanifurahisha na kunitisha kwa pamoja. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kuanzia 2000 ni tarakimu nne. Kabla ya hapo zilikuwa tatu. Akikuta tarakimu tatu, huo ni ushahidi mzuri kwamba pikipiki haikutembea, na watu wa makusanyo watamlipa vizuri baadaye kwa tairi hizohizo. Lakini ni tairi za kumuua kwenye kona ya kwanza yenye maji.

Halafu kuna kitu ambacho wauzaji wengi wala hawakitaji. Petroli ya 916 inapimwa na kisanduku cha Weber-Marelli, na programu yake imekaa kwenye chipu ya EPROM. Chipu hiyo inahifadhi biti kama chaji ya umeme iliyonaswa ndani yake, na chaji huvuja polepole mwaka baada ya mwaka. Mtu anayekagua rangi kwa miwani ya kukuzia bila kuuliza kama programu ya injini imewahi kunakiliwa amenunua nusu ya pikipiki. Kisoma-EPROM ni bei ya chakula cha jioni kule Bologna!

Kuna hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Kitu huwa cha asili mara moja tu. Lazima mahali fulani iwepo 916 moja ambayo hakuna bolti iliyoguswa, ili anayetengeneza ya kwake awe na pa kutazama. Sawa. Lakini hiyo ni kazi ya makumbusho, na Ducati wanayo yao palepale kiwandani Borgo Panigale. Rafiki yangu hana fundi wa kudumu wala chumba kisicho na unyevu. Ana gereji ya kupanga, anagawana na baiskeli za majirani.

Kwa hiyo nimemwandikia hivi: atoe bei ya Senna iliyotembea kilomita 20,000 na kuhudumiwa kila mwaka, ashikilie hapo. Akikubaliwa, abadilishe mikanda kabla ya kuiwasha, anakili chipu, tairi za zamani aziweke kando na rimu zake, kisha aiendeshe. Akikataliwa, ploti bado zipo.

Jumamosi anaenda kuiona. Nimemwambia abebe tochi, na aanze na tairi la nyuma.