Kodi ya Makadirio na Duka la Kijijini

Kodi si jambo geni katika nchi hii. Wadachi walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1897, walihesabu nyumba, wala hawakuuliza kama mwenye nyumba ana kitu ndani. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, nayo ilihesabu vichwa. Ile iliyoitwa kodi ya maendeleo ikafutwa mwaka 2003, na watu wengi wakashukuru. Lakini twaona kwamba tabia ile ya kuhesabu bila kuuliza haijafa. Imehamia dukani.

Wako wanaosema kwamba mchuuzi wa kijijini hana haki ya kunung'unika, kwa kuwa sheria imempunguzia mzigo. Maneno hayo yana nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumpoteza mtu. Basi na tuitazame hesabu yenyewe.

Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayapiti Sh. 4,000,000 halipi kodi ya mapato. Fedha hizo zaonekana nyingi, lakini zigawe kwa siku za mwaka: ni kama Sh. 11,000 kwa siku. Tena hayo ni mauzo, si faida. Hapa Mungaa, mwenye duka la sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kula hupita kiasi hicho, na jioni hana cha kujivunia. Kiwango hicho cha milioni 4 ndicho kilichotumiwa mwaka 2018, wachuuzi wadogo walipopewa vitambulisho kwa Sh. 20,000. Bei za vitu zilipanda, kiwango kikabaki pale pale.

Tuseme sasa mtu auza Sh. 8,000,000 kwa mwaka, na katika kila shilingi moja hubakiwa na senti kumi. Faida yake ni Sh. 800,000. Kama hana kumbukumbu za biashara, sheria hiyo yamtoza Sh. 250,000, yaani karibu theluthi moja ya jasho lake. Faida yake ikiwa senti tano tu, kodi humla zaidi ya nusu. Kodi ni ile ile, kwa kuwa hakuna aliyeuliza habari ya faida.

Tazameni na ngazi ya milioni 11. Mwenye kumbukumbu, akifika hapo, hulipa Sh. 210,000. Akiuza kidogo tu kupita hapo, hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo yote, nayo ni Sh. 385,000. Je, mkamuaji wa alizeti mwenye mashine moja atafurahi kuuza dumu moja zaidi? Hasha! Atajifunza kuficha. Sheria inayomfundisha mtu mwaminifu kuficha ina kasoro, nasi hatuoni haya kusema hivyo.

Watatujibu: Serikali itapata wapi fedha za barabara, zahanati na shule? Swali hilo ni jema, nasi walimu hatuwezi kulidharau. Lakini kila mfugaji ajua kwamba anayekamua maziwa yote asimwachie ndama chochote, mwaka ujao hana ng'ombe wa kukamua. Duka likifungwa, Serikali hukosa kodi, na mama wa kijijini hutembea mbali kutafuta chumvi.

Mwezi Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa kulalamikia kodi, na nchi nzima ikasikia. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua tume ya kutazama upya mambo ya kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue. Ni vema. Lakini duka la Mungaa likifungwa, nani husikia? Kwa hiyo twasema wazi: kila mageuzi ya kodi yanapopendekezwa, yapimwe kwanza kwa duka dogo. Kiwango cha milioni 4 kipandishwe kifuatane na bei za vitu. Ngazi ya milioni 11 ifanywe mteremko, isiwe shimo.

Nasi wa vijijini tuna wajibu wetu. Yule mwenye mauzo ya milioni 8, kama angetunza kumbukumbu, angelipa Sh. 120,000 badala ya 250,000. Daftari la shilingi chache lingemwokolea Sh. 130,000! Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana aliyemaliza shule na amwandikie baba yake mauzo na manunuzi kila jioni, na risiti zitunzwe pamoja. Mwenye hesabu mkononi aweza kusimama mbele ya mkadiriaji na kusema neno lake. Asiye nayo atakadiriwa, naye atanyamaza.