Telefone, kimashini na maneno 24



Kijana mmoja ametuandikia. Tangu miaka miwili anaweka kripto katika telefone yake, kidogo kidogo, na ile feza haiko yake peke yake: ni minervali ya mudogo wake anayetaka kuingia ku univerisite. Rafiki anamwambia anunue kile kimashini cha kuchunga kripto. Yeye anauliza: « Nikikinunua, feza itatoka ku telefone na kuingia mule ndani? Na kikipotea, nitamwambia nini mudogo wangu? »

Kijana, feza yako haiko ku telefone, na haitaingia ku kimashini. Imeandikwa katika kitabu cha hesabu ambacho ordinatere maelfu za dunia zinachunga pamoja. Kile cha bitkoini kilianza mwaka 2009. Wewe uko na ufunguo wa siri tu, na mwenye ufunguo njo mwenye feza. Hakuna gishe ya banki ya kwenda kulilia.

Sasa, programu ya telefone inachunga ufunguo ule mule mule ndani ya telefone. Telefone ile ile unayopokelea picha za watu usiowajua, ile unayopatia batoto wacheze. Mwivi hana lazima ya kuikamata kwa mukono. Programu moja mbaya inatosha.

Kimashini kinafanana na flashi, kiko na ekra ndogo na vifungo. Trezor ya Jamhuri ya Cheki ilianza kuuzwa mwaka 2014. Ledger ni ya Wafaransa. Ufunguo unazaliwa mule ndani na hautoki. Unakiunganisha na telefone ao ordinatere kwa kamba, vingine hata bila kamba. Programu inapewa tu anwani zako, ili ionyeshe feza ni ngapi. Ukitaka kutuma, programu inatayarisha barua, kimashini kinaionyesha ku ekra yake, wewe unasoma kiasi na anwani ya mwenye kupokea, unafinya kifungo, kinatia sahihi. Programu inapeleka barua yenye sahihi ku mutandao. Ufunguo haukutembea hata kidogo. MetaMask na Electrum, programu ambazo watu wengi wanazijua, zinakubali kuunganishwa hivi.

Hapa njo watu wengi wanaanguka. Siku ya kwanza kimashini kinakupatia maneno 24 (vingine 12) ya kuandika ku karatasi, yaliyochaguliwa katika liste ya maneno 2048. Maneno yale ni ufunguo wenyewe. Mutu anasikia « kuunganisha », basi anaandika yale maneno ndani ya programu ya telefone. Amekwisha kuharibu yote! Ufunguo sasa uko ku telefone, na kimashini kimebaki mapambo. Kuunganisha kwa kweli hakuombi maneno hata moja. Programu ikiyaomba, funga. Mwaka 2023 programu ya uongo yenye kujiita ya Ledger iliingia hata katika duka la Microsoft na kuibia watu feza nyingi.

Kosa lingine ni kukamata maneno ya zamani, yale ya telefone, na kuyaingiza ku kimashini. Telefone imekwisha kuyaona, haisaidii kitu. Acha kimashini kizae maneno mapya, kisha tuma feza kutoka anwani ya zamani kwenda ile mupya. Tuma kwanza kidogo. Futa kimashini, kirudishe kwa karatasi yako, uone kama ile kidogo ingali pale. Nyuma ya hapo tu njo utume ingine.

Usikinunue kwa mutu wa njiani, hata kwa bei nzuri. Kikikuja na maneno yamekwisha kuandikwa ku karatasi, ni mutego: aliyeyaandika anangojea tu uweke feza. Mwaka 2020 majina na anwani za nyumba za wanunuzi wa Ledger zaidi ya 270 000 yalitupwa ku intaneti, na mwaka uliofuata wengine walipokea ku posta vimashini vya uongo, na barua nzuri sana.

Na usifikiri kwamba kimashini kinafikiri pa nafasi yako. Tarehe 21 Februari 2025 duka la kripto Bybit liliibiwa karibu dola miliari moja na nusu. Wakubwa wake walikuwa na vimashini! Lakini wezi walikuwa wamebadilisha ukurasa wa programu ya Safe, ile iliyounganishwa nazo. Ku ordinatere yote ilionekana sawa, ku kimashini kulikuwa namba tu ambazo mutu hawezi kusoma, wakafinya. FBI ya Marekani ilisema ni watu wa Korea ya Kaskazini. Basi, kama ekra ndogo haionyeshi kitu unachofahamu, usifinye.

Tena, kimashini hakigeuzi uongo kuwa kweli. Wazee wanakumbuka Bindo Promotion ya mwaka 1991. Mutu akikuahidi kuzalisha kripto yako mara mbili, ukamtumia wewe mwenyewe, sahihi yako ni ya kweli na feza imekwenda.

Bei? Ledger Nano S Plus ilipotoka mwaka 2022 ilikuwa dola 79. Kama uko na dola 100 ku telefone, bakia hivyo. Kwa minervali ya miaka mitatu, nunua.

Na kikipotea, kijana, hakuna kilio. Mwenye kukiokota hajui namba yako ya siri. Ledger inajifuta nyuma ya makosa matatu. Unanunua kingine na unaandika maneno yako mule. Lakini karatasi ikiungua ao ikilowana na kimashini kimepotea, hakuna mutu wa kukusaidia. Andika karatasi mbili, zikae nyumba mbili tofauti, usizipige picha kwa telefone. Na kwa sababu ni feza yake, muketishe mudogo wako siku moja, umuonyeshe karatasi iko wapi.